Mwongozo kamili: kukagua Premio au Allion iliyonyanyuliwa kabla hujatoa hela yako

Ujumbe ninaotumiwa ni uleule kila mara, majina tu ndo yanabadilika. Mtu kanunua Premio "imenyanyuliwa safi, inapita popote", kakagua injini, kawasha AC ikapuliza baridi, kalipa. Wiki ya tatu tairi za mbele zimeliwa ndani mpaka waya zinaonekana, gari ikikata kona inalia ka-ka-ka, na fundi anamsomea orodha ya miguu yote ya mbele. Injini haina hata kosa.

Tatizo ni kwamba watu wanaikagua kama vile haijaguswa tangu itoke Japani. Ikishawekewa spesa, yaani vipande vya kuongeza urefu kwenye shokapu au springi, chini kule kuna kazi ya fundi mwingine ambaye humjui, na hiyo kazi ndo itakayokula hela yako. Kwa hiyo hapa tunaanzia chini, injini tutaifikia baadaye. Nimeandika kwa Premio na Allion maana ndo zinazonyanyuliwa sana kwa ajili ya njia zetu za Goba, Madale na Kivule hapa Dar, ila hatua nyingi zinafanya kazi kwenye sedani yoyote ndogo inayovutwa na magurudumu ya mbele.

## Vitu vya kwenda navyo

- Tochi ya kichwani. Ya simu haifai, utahitaji mikono yote miwili.
- Futi ya kupimia, ile ya mafundi seremala.
- Boksi au mkeka wa kulalia chini, na nguo ambazo huzionei huruma.
- Jeki na stendi mbili. Kama huna, panga mkutane gereji yenye shimo au lifti.
- Tishu nyeupe za kupimia oili.
- Kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari kwa bluetooth, na programu yake kwenye simu.
- Kalamu na karatasi. Usiseme utakumbuka, hutakumbuka.
- Fundi wa miguu, yaani shokapu, amu na viungo vya magurudumu. Nasema wa miguu, yule anayeshinda chini ya magari, maana fundi wa injini atasikiliza mlio dakika mbili halafu atakwambia "mashine iko vizuri".

## Hatua ya 1: Ikute gari ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja kwenye boneti, ikiwa ya moto jiulize kwa nini aliiwasha. Gari ya moto inaficha moshi wa asubuhi na milio mingi ya mwanzo.

Simamisha gari sehemu iliyonyooka, sheli ni pazuri. Isukumeni mbele na nyuma mara mbili ili miguu ikae sawa, na asiwepo mtu ndani.

## Hatua ya 2: Pima imenyanyuliwa kiasi gani

Hatua hii wanairuka karibu wote, na inakula dakika 5 tu.

Pima kutoka katikati ya kifuniko cha ringi kwenda juu wima mpaka ukingo wa fenda. Fanya magurudumu yote manne, andika. Usipimie kutoka chini ya ardhi, maana hapo utachanganya urefu wa spesa na ukubwa wa tairi usijue kipi ni kipi. Ukianzia katikati ya ringi, tairi hata iwe kubwa vipi haibadilishi namba.

Halafu tafuta Premio ya toleo lilelile ambayo haijanyanyuliwa, hapo yadi au hata ya jirani, pima vilevile. Tofauti ya mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma, ndo urefu halisi wa kunyanyuliwa.

Msimamo wangu baada ya kulala chini ya hizi gari miaka mingi: sentimita 2 mpaka 3 inavumilika, 4 mi naanza kuomba bei ishuke, 5 na kuendelea naaga. Kwa urefu huo vile viungo vya CV vya mbele, vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, vinafanya kazi kwenye pembe ambazo havikutengenezewa, na hakuna fundi wa kukurekebishia hilo zaidi ya kuishusha.

Kushoto na kulia zikipishana zaidi ya sentimita 1 simama hapohapo. Inawezekana springi imekatika, imechoka, spesa za pande mbili hazilingani, au gari iligongwa kona moja.

Umemaliza hatua hii ukiwa na namba nne kwenye karatasi na unaweza kumwambia muuzaji gari yake imenyanyuliwa sentimita ngapi, yeye mwenyewe mara nyingi hajui.

## Hatua ya 3: Jua ni spesa ya aina gani

Kuna njia tatu zinazotumika mtaani na madhara yake hayafanani.

Spesa ya juu ya shokapu. Inakaa kati ya kichwa cha shokapu na bodi. Hii ndo bora kidogo, springi na shokapu vinabaki kufanya kazi kama kawaida. Fungua boneti uangalie vile vichwa viwili karibu na kioo, kuna nati tatu kila upande. Bolti iwe imepita nati kwa nyuzi mbili hivi. Ukiona nati imeshika nusu, au bolti imeongezwa kwa kuchomelea, usiendelee. Hizo nati ndo zinazoshikilia kichwa cha shokapu kwenye bodi.

Angalia na spesa yenyewe imetengenezwa na nini. Aluminiamu au plastiki ngumu iliyotengenezwa kiwandani, sawa. Niliwahi kuchungulia ya mtu nikakuta kipande cha tairi la lori kimekatwa kwa kisu na kutobolewa, na nyingine ilikuwa mbao, mbao kabisa, imeshaanza kupasuka, na mwenyewe alikuwa anatoka nayo Dar kwenda Moshi kila mwezi.

Spesa ya chini au juu ya springi. Hapa springi inasukumwa, shokapu inabaki na urefu wake uleule, kwa hiyo gari muda wote imekaa na shokapu iliyovutika. Dalili yake ni hii: ukipanda tuta hamna kitu, ukishuka unasikia "gdu!" mguu ukining'inia. Shokapu imefika mwisho. Za namna hiyo hazidumu.

Mipira inayobanwa katikati ya springi. Hii ya bei rahisi, inauzwa hadi kwenye foleni. Inazuia mizunguko kadhaa ya springi isifanye kazi, mzigo wote unahamia kwenye mizunguko iliyobaki, na springi inakatika. Habari njema ni kwamba inatoka kirahisi. Habari mbaya, pengine springi imeshapata ufa, kwa hiyo ipitishe tochi na kidole springi nzima kuanzia mzunguko wa chini kabisa, ndo unaokatikaga.

Na kitu ambacho wanunuzi wengi hawaambiwi: spesa inanyanyua bodi, sampu (bakuli la oili chini ya injini) na ekzosti. Bimu ya nyuma inayounganisha magurudumu, na ncha za nje za amu za chini za mbele (mikono inayoshika gurudumu), zinabaki zimeegemea magurudumu, hizo zinanyanyuliwa na tairi peke yake. Ndo maana mtu kaweka spesa sentimita 4 na bado jiwe la katikati ya njia linamgonga nyuma.

## Hatua ya 4: Zisome tairi

Pitisha kiganja juu ya tairi ya mbele kutoka nje kwenda ndani, halafu rudi. Ikiwa upande mmoja laini na ukirudi inakukwaruza kama msumeno, alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) haipo. Ukinyanyua gari ya aina hii na usipofanya alaimenti, magurudumu ya mbele yanageuka pembe yake kidogo, yanatembea kama mtu mwenye matege, tairi zinasuguana na lami kila mita.

Geuza usukani mpaka mwisho uone ndani ya tairi. Wauzaji wanajua wewe utaangalia nje.

Tairi mpya kabisa mbele tu, nyuma kuukuu? Uliza za zamani ziko wapi. Mara nyingi zimetupwa jana.

Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Halafu linganisha saizi na kile kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kama kibandiko kinasema 185/65R15 na gari imevaa 205/65R15, kipenyo kimeongezeka milimita 26, yaani gari imepanda 13 tu, na spidi mita inasema 80 wakati we unatembea 83. Sio dhambi kubwa, ila kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi ni pungufu kuliko zilizotembewa, na giaboksi inazungusha mzigo mzito zaidi.

## Hatua ya 5: Ning'iniza magurudumu ya mbele

Piga jeki, weka stendi, ndipo uingie. Jeki peke yake haishikilii uhai wa mtu, hata kama fundi anakwambia yeye kila siku analala hivyo.

Magurudumu yakining'inia hapo ndo pembe zinakuwa mbaya kuliko zote, na shida zote zinajionyesha. Angalia kwa mpangilio huu:

Buti za CV. Ile mipira yenye mikunjo kwenye draivu shafti, ya nje na ya ndani, pande zote. Fungua mikunjo kwa vidole, ufa unajificha ndani ya mkunjo. Ukiona grisi imerukia ringi kwa ndani au amu, buti imeshapasuka na vumbi limeingia. Zungusha gurudumu kwa mkono, mikunjo isiwe inasuguana.

Hozi za breki. Geuza usukani kushoto mwisho, kulia mwisho, huku gurudumu linaning'inia. Hozi lazima ibaki na ulegevu kidogo. Ikinyooka kama kamba ya nguo, hiyo gari haifai kutembea hata kilomita moja mpaka itengenezwe, siku ukiruka shimo kwa spidi ndo siku breki zinaondoka.

Waya wa sensa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki. Unapita karibu na hozi, mwembamba. Ukivutwa unakatikia ndani, unabaki na taa ya ABS isiyoisha.

Stebilaiza linki na boljointi. Tikisa linki kwa mkono, isicheze. Kisha shika gurudumu juu na chini ulitingishe, halafu kushoto na kulia. Likicheza juu-chini ni boljointi au beringi, likicheza pembeni ni tairodi. Fundi wako atajua kutofautisha, we kazi yako ni kuona linacheza.

Bushi za amu. Gari ikinyanyuliwa bila kulegeza zile bolti na kuzikaza upya magurudumu yakiwa chini, bushi inakaa imejisokota muda wote na inachanika mapema. Tafuta mpira uliopasuka pembeni.

Umefaulu ukiona buti nne kavu, hozi zina ulegevu, na hakuna kinachocheza. Ukikuta buti moja tu imepasuka usikimbie, ni kitu cha kununulika, andika kwenye karatasi ya punguzo.

## Hatua ya 6: Tafuta makovu chini

Mtu hanyanyui gari bila sababu. Alikuwa anapita njia mbaya, na kabla hajanyanyua alishagonga.

Angalia sampu ya oili imebonyea au imechomelewa, sampu ya giaboksi vilevile, zile bati za plastiki za chini kama zipo au zimefungwa kwa waya, ekzosti ina viraka vingapi, na mabomba ya mafuta na breki yanayopita chini kwenda nyuma kama yamepondeka. Sampu iliyobonyea sana inakaribia kile chujio cha kuvutia oili ndani, injini inaweza kukosa oili na we huna habari. Kwa gari za Tanga, Zanzibar na pwani yote, gonga kwa kidole sehemu zenye kutu, kutu ya juu juu tunaishi nayo, ila ikitoa vipande achana nayo.

## Hatua ya 7: Sasa injini, kwa namba yake

Soma herufi za mwanzo kwenye bati la chasisi, zinakwambia mengi kuliko muuzaji.

NZT (1.5, injini 1NZ). Ndo ya kutafuta kama hutaki mambo mengi. Ina cheni, vipuri kila kona. Kosa lake kubwa ni watu kuitelekeza bila kubadilisha oili kwa sababu "haifi".

ZZT (1.8, 1ZZ, zile za 240, yaani toleo la zamani lenye 240 baada ya herufi za chasisi). Za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo yakawa yanaziba. Vuta dipstiki kabla haijawashwa, mwambie mtu akanyage mafuta ikishapata moto, we simama nyuma. Moshi wa bluu, ondoka.

AZT (2.0, ile D4). Mafuta yanaingia moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, vali zinajaa masizi na pampu ya presha sio ya kuchezea. Kama huna fundi anayezijua na sheli unayoiamini, mi nakushauri uiache iende.

ZRT (260, toleo lililofuata, za 1.8 na 2.0). Nzuri, tulivu. Zenye Valvematic, mfumo wa Toyota wa kubadilisha kiasi vali zinavyofunguka, zina kontrola yake juu ya injini, ikifa gari inakosa nguvu na taa ya cheki injini inawaka. Hapo kompyuta itakwambia, hatua inayofuata.

Giaboksi: 240 za 1.5 na 1.8 zina ile otomatiki ya kawaida ya gia nne. 260 otomatiki ni CVT, giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua. Oili zake haziingiliani hata kidogo, na CVT nyingi huku kwetu zimeuawa na mtu aliyemiminia oili ya otomatiki ya kawaida. Muulize muuzaji iliwekwa oili gani, akisema "ile nyekundu tu ya giaboksi" kwenye CVT, umeshapata jibu.

Rejeta: fungua ikiwa baridi. Maji ya rangi ya chai mara nyingi yanamaanisha waliweka ya bomba.

## Hatua ya 8: Chomeka kifaa

Soma kodi za makosa ambazo kompyuta ya gari imehifadhi, ila usiishie hapo. Tafuta sehemu inayoonyesha vipimo vya kompyuta ambavyo havijakamilika. Vikiwa vingi havijakamilika ujue kuna mtu amefuta kodi muda mfupi uliopita, au betri ilichomolewa. Taa ya cheki injini ikiwa haiwaki hata pale unapofungua swichi, balbu imetolewa au imefunikwa.

## Hatua ya 9: Iendeshe wewe, nusu saa

Zima redio, fungua vioo.

Anza uwanjani. Kata usukani mwisho, tembea polepole ukichora namba 8, ukikanyaga mafuta kidogo. Ka-ka-ka ni CV ya nje. Kelele zikiwa upande mmoja andika upande.

Barabarani, toka taratibu halafu kanyaga mafuta kuanzia 40 kwenda 70. Usukani au sakafu ikitetemeka wakati unakanyaga na ikatulia ukiachia, hiyo ni CV ya ndani inateseka na pembe. Watu wengi wanapelekwa kubalansi tairi mara tatu kwa tatizo hili na halitoki. Mtetemo wa kubalansi haujali unakanyaga au umeachia, unafuata spidi.

Kwa CVT, toka kwenye tuta polepole. Ikijikunja-kunja kama gari ya manyuo anayoendesha mwanafunzi, hapana. Tafuta na mlima mrefu, ukiwa na watu wanne ndani, uone kama inalia tu bila kupanda.

Piga breki kutoka 80 kwenye njia tupu. Iende moja kwa moja. Gari iliyonyanyuliwa itainama mbele na kulala kona zaidi ya uliyozoea, hilo ni la kawaida, ila isivute upande. Kama imenyanyuliwa vizuri utasahau kuwa ina spesa baada ya kilomita tano.

## Hatua ya 10: Taa na karatasi

Usiku au jioni, simamisha gari mita kadhaa kutoka ukutani uwashe taa. Wakinyanyua mbele kuliko nyuma, mwanga unapanda na kila dereva anayekuja atakuwashia ful. Zenye taa nyeupe za kiwandani zina kisensa nyuma chini kinachorekebisha mwanga, na kunyanyua kunakichanganya au kinavunjwa kabisa, kitazame.

Namba ya chasisi kwenye kadi na kwenye bodi, herufi kwa herufi. Na kama utaikatia bima kubwa, waambie imenyanyuliwa mapema, usisubiri siku ya ajali ndo wagundue wenyewe.

## Hatua ya 11: Piga hesabu, kisha siku saba za mwanzo

Chukua karatasi yako. Buti, linki, bushi, shokapu, tairi, hizo ni hoja za kushusha bei, ulizia bei ya vipuri dukani kabla ya kubishana. Bolti zilizochomelewa, hozi iliyonyooka, sampu iliyochomelewa, CVT inayojikunja, kupishana kwa kushoto na kulia, hayo hayana bei, unashukuru na kuondoka hata kama umetoka mbali.

Ukiinunua, kabla ya safari yoyote ndefu: badilisha spesa kama ni za mpira wa kukatwa au mbao, zikae za sentimita 2 au 3 za kiwandani, mbele na nyuma zikiendana. Mwambie fundi alegeze bolti za bushi na kuzikaza gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, na asimamiwe, maana wengi wanakubali kwa mdomo tu.

Kisha alaimenti siku hiyohiyo, sio "mwisho wa mwezi". Omba ile karatasi ya vipimo vya kabla na baada uitunze.

Ukifika kilomita 500 rudi, kaza tena nati zote za vichwa vya shokapu, na pitisha kiganja kwenye tairi za mbele. Ikiwa laini kwenda na kurudi, iko sawa. Ikikukwaruza, rudi kwa mtu wa alaimenti na ile karatasi yake mkononi.